Maitansini na Uvimbe wa Panya: Namna ya Kulisoma Jaribio la Kansa

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa biolojia alinijia ofisini akiwa na kipande cha gazeti. Habari iliyomo ilisema kwamba wanasayansi wamegundua msombo, yaani kampaundi, utokanao na mmea, na kwamba msombo huo unaua kansa. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu ndiye aliyelileta gazeti hilo darasani, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Swali lake lilikuwa fupi: kama dawa imepatikana, kwa nini mama yangu hapewi? Mwalimu aliisoma habari ile mara mbili ndipo alipoiona sentensi moja karibu na mwisho, isemayo kwamba jaribio lilifanywa kwa panya.

Swali la mwanafunzi yule linastahili jibu kamili. Katika makala haya tutalijibu kwa kufuata historia ya msombo mmoja, maitansini, tangu ulipotolewa katika magome na matawi ya mti wa Afrika Mashariki, ukajaribiwa kwa panya, ukashindwa kwa binadamu, na hatimaye ukarudi kwa njia nyingine. Msomaji akiielewa safari hiyo ataweza kuipima habari yoyote ya namna hii.

1. Uvimbe ni nini?

Mwili hukua na kujitengeneza kwa seli kugawanyika. Katika mwili wenye afya mgawanyiko huo una mipaka: kidonda kikishafunga, seli za ngozi huacha kuongezeka. Kansa, ambayo pia huitwa saratani, hutokea pale ambapo urithi wa seli umeharibika kiasi kwamba seli hiyo na vizazi vyake huendelea kugawanyika bila kutii mipaka. Fungu la seli hizo huwa uvimbe. Kansa za damu, kama vile lukemia, hazifanyi fungu moja, bali seli zake huzagaa katika damu na uboho.

Yafaa tukumbuke jambo moja tangu sasa. Seli ya kansa si kijidudu kilichotoka nje. Ni seli ya mwili wenyewe, na karibu kila kifaa ilicho nacho, seli nzima inacho pia. Kwa hiyo kuiua seli ya kansa si kazi ngumu. Hata spiriti huiua. Kazi ngumu ni kuiua na kuiacha hai seli iliyo jirani yake.

2. Mti na msombo wake

Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, ikishirikiana na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, ilianza mpango mkubwa wa kukusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia na kuichunguza kama ina misombo ya kuzuia uvimbe. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 sampuli za mti wa jamii ya Maytenus zilikusanywa Ethiopia. Rojo lililotolewa katika sampuli hizo lilionyesha nguvu dhidi ya uvimbe wa wanyama wa maabara, lakini msombo wenyewe ulikuwa mchache mno hata kuutenga kukachukua miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1972, mkemia S. Morris Kupchan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walitangaza muundo wake. Waliuita maitansini. Fomula yake ni C₃₄H₄₆ClN₃O₁₀, na uzito wa molekuli yake ni 692 hivi. Tazama kwamba molekuli hiyo ina atomu moja ya klorini, jambo lisilo la kawaida katika misombo ya mimea ya nchi kavu.

Mti wa Ethiopia ulitoa kiasi cha miligramu 0.2 tu za maitansini kwa kila kilo moja ya mmea mkavu. Ndipo ikagunduliwa kwamba ndugu yake, Maytenus buchananii, ambao siku hizi wataalamu wengi huuita Gymnosporia buchananii, una miligramu 1.5 hivi kwa kilo. Mti huo ulipatikana katika msitu wa Shimba Hills, wilaya ya Kwale, nchini Kenya, kusini-magharibi ya Mombasa. Kwa hesabu ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza, tani 20 za mmea mkavu, yaani kilo 20,000, zikizidishwa kwa miligramu 1.5, zitatoa miligramu 30,000. Hizo ni gramu 30, sawa na uzito wa vijiko vichache vya sukari. Na hiyo ni iwapo hakuna hata chembe itakayopotea njiani.

3. Jaribio la panya hufanywaje?

Panya wanaotumiwa si wale wa darini. Ni panya wadogo wa ukoo mmoja, waliozalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka wakafanana kiurithi kama pacha. Kufanana huko kuna faida mbili. Kwanza, mwili wa panya mmoja haukatai seli za uvimbe zilizotoka kwa mwenzake. Pili, tofauti itakayoonekana kati ya kundi na kundi haiwezi kusingiziwa tofauti ya uzazi.

Kipimo kilichotumika sana wakati huo kilikuwa lukemia iitwayo P-388, ambayo ilianzia kwa panya wa ukoo wa DBA/2 mwaka 1955. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu:

(a) Kila panya hudungwa tumboni seli milioni moja za lukemia.

(b) Panya hugawanywa katika makundi kwa kura, ili mtafiti asije akawapeleka wenye nguvu upande anaoupenda, hata kama hakukusudia.

(c) Kundi moja, liitwalo kundi la kulinganishia, hudungwa maji ya chumvi au kiyeyushi kisicho na dawa. Makundi mengine hupewa dawa, kila kundi kipimo chake.

(d) Panya wote hupimwa uzito, na siku ya kufa kwa kila mmoja huandikwa.

Panya wasiopewa dawa hufa baada ya siku kumi hivi. Nguvu ya dawa hupatikana kwa kuchukua siku za kati za kundi lililotibiwa, kuzigawa kwa siku za kati za kundi la kulinganishia, na kuzidisha kwa 100. Jibu likiwa 100, dawa haikufanya kitu. Katika mpango wa Marekani tuliotaja, jibu la 125 au zaidi lilihesabiwa kuwa dalili ya nguvu.

Tuchukue mfano wa kubuni kwa ajili ya darasa. Kila kundi lina panya watano, nasi tumeandika idadi ya siku walizoishi:

Bila dawa: 9, 10, 10, 10, 11. Siku za kati ni 10.
Kipimo kidogo: 10, 10, 11, 11, 12. Siku za kati ni 11. Jibu ni 110.
Kipimo cha wastani: 15, 17, 18, 19, 22. Siku za kati ni 18. Jibu ni 180.
Kipimo kikubwa: 4, 5, 6, 6, 7. Siku za kati ni 6. Jibu ni 60.

Mstari wa mwisho ndio wenye mafunzo mengi. Panya hao walikufa mapema kuliko wale wasiotibiwa, wala hawakuuawa na lukemia; waliuawa na dawa. Nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachosaidia na kipimo kinachoua ndiyo jambo la kwanza analolitafuta mtafiti. Mimi nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari ng'ambo nilipewa kazi ya kuwapima panya uzito kila asubuhi, nikaidharau kazi ile mpaka siku nilipoona kwamba uvimbe uliopungua katika kundi moja ulikuwa umepungua pamoja na panya mzima: mnyama alikuwa hali. Dawa haikuuzuia uvimbe. Ilimnyima panya chakula, na uvimbe ukakosa lishe. Bila ile mizani ningaliandika kwamba nimefaulu.

4. Matokeo ya maitansini kwa panya

Maitansini ilifanya vizuri ajabu. Iliongeza maisha ya panya wenye lukemia ya P-388 kwa vipimo vya mikrogramu kwa kila kilo ya mwili, na nafasi kati ya kipimo kidogo chenye nguvu na kipimo kikubwa kinachovumilika ilikuwa pana, baina ya mara 50 na mara 100. Aidha, ilizuia uvimbe mwingine wa panya, ukiwamo ule wa mapafu uitwao Lewis, pamoja na uvimbe wa Walker 256 katika panya wakubwa. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ni wazi kwa nini watafiti walijawa na matumaini.

5. Maitansini hufanyaje kazi?

Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba ziitwazo mikrotubuli. Nyuzi hizo huzishika kromosomu na kuzivuta, nusu upande huu na nusu upande ule. Kila uzi hujengwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama fundi anavyopanga matofali ya nguzo. Nyuzi hizi hazikai. Hurefuka na kufupika kila wakati.

Molekuli ya maitansini hujibandika kwenye tubulini, nayo tofali jipya halipati pa kukaa. Nguzo haijengeki. Kromosomu hubaki zimejikusanya katikati ya seli, hazina wa kuzivuta, na seli iliyokwama hapo kwa muda mrefu hufa.

Jambo hili lilionyeshwa waziwazi mwaka 1975, wala si kwa panya. Watafiti walitumia mayai ya kombe na ya yule kiumbe wa baharini mwenye miiba mingi ambaye waogeleaji wa pwani humwogopa kumkanyaga. Mayai hayo yakisharutubishwa hugawanyika upesi, tena mbele ya macho ya mwenye darubini. Maitansini ya nguvu ya 6 × 10⁻⁸ molari ilitosha kuyasimamisha yasigawanyike tena.

6. Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa

Katikati ya miaka ya 1970 maitansini ilianza kupewa wagonjwa nchini Marekani waliokuwa wameshindikana kwa dawa nyingine. Matumaini hayakutimia. Wagonjwa walitapika, waliharisha, walidhoofika, na vipimo vya ini lao vilivurugika. Wengine walipatwa na ganzi mikononi na miguuni. Uvimbe, kwa upande wake, ulipungua kwa wagonjwa wachache tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio hayo yaliachwa.

Je, panya walidanganya? La. Panya walijibu sawasawa swali waliloulizwa. Swali lenyewe ndilo lililokuwa tofauti na la mgonjwa, na tofauti zake ni hizi.

Kwanza, lukemia ya P-388 hukua kwa kasi kubwa, na karibu kila seli yake iko katika mgawanyiko. Sumu ya mgawanyiko huikuta ikiwa kazini. Uvimbe mwingi wa binadamu hukua taratibu kwa miezi na miaka, na seli zake nyingi zimepumzika.

Pili, katika jaribio lile dawa huanza mara baada ya seli kudungwa, kabla hazijajenga ngome. Mgonjwa huja hospitali uvimbe ukiwa na mizizi.

Tatu, panya hawezi kusema kwamba ncha za vidole vyake zimekufa ganzi. Neva ndefu za mwili hutumia mikrotubuli kama reli za kusafirishia vitu kutoka kiini cha seli hadi mwisho wa neva, na reli zikivunjika neva huumia. Sumu ya namna hii huonekana kwa shida katika mnyama anayeishi wiki chache za jaribio. Kadhalika seli za uboho na za utumbo, ambazo hugawanyika kila siku katika mwili wenye afya, hupigwa pamoja na uvimbe.

Nne, kipimo cha panya hakihamishwi kwa binadamu kwa kuzidisha uzito tu. Mnyama mdogo huiondoa dawa mwilini upesi zaidi. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa eneo la ngozi: miligramu 1 kwa kilo ya panya ni sawa na miligramu 3 kwa mita ya mraba, lakini miligramu 1 kwa kilo ya mtu mzima ni sawa na miligramu 37 kwa mita ya mraba. Kwa kukisia, basi, kipimo cha panya kinapopelekwa kwa mtu hugawanywa kwa 12. Asiyejua hesabu hii na kujipimia mwenyewe mizizi au unga kwa kufuata habari ya panya anaweza kujiua.

7. Msitu nao ulilipa

Zaidi ya tani 20 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills katika miaka ya 1970 kwa ajili ya majaribio haya. Wavunaji waliporudi miaka michache baada ya mavuno ya kwanza, walipata shida kupata mti wa kutosha, kwa kuwa uliokatwa ulikuwa haujachipua ipasavyo. Na hayo yalikuwa mahitaji ya utafiti tu. Lau maitansini ingalikubaliwa kuwa dawa wakati ule, mti huo ungalimalizwa.

Nafuu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walieleza kwamba bakteria wa udongo, ambaye leo anaitwa Actinosynnema pretiosum, hutengeneza misombo iitwayo ansamitosini, ambayo ni ndugu wa karibu wa maitansini. Bakteria hufugwa katika mapipa na kulishwa sukari, hivyo hakuna haja ya shoka.

8. Sumu ile ile, njia nyingine

Maitansini iliposhindwa, baadhi ya wakemia waliuliza swali jipya. Kama nguvu yake ya kuua haina shaka, na kosa lake ni kuua mahali pasipotakiwa, je, haiwezi kufungiwa mpaka ifike kwenye uvimbe? Walichukua kingamwili, protini ambayo kwa kawaida mwili huitumia kuvitambua vitu vigeni, wakachagua ile inayonasa alama iliyo juu ya seli za kansa. Kisha waliifunga juu yake maitansini iliyobadilishwa kidogo, iitwayo DM1. Ikiwa imefungwa hivyo sumu hufanya madhara kidogo. Kingamwili ikinasa alama yake, seli huimeza yote, huisaga, na sumu hufunguka humo ndani.

Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba mchanganyiko wa aina hii uliondoa kabisa uvimbe mkubwa wa utumbo mpana wa binadamu uliopandwa kwa panya wasio na kinga, kwa vipimo ambavyo havikuwadhuru sana. Safari hii swali lililoulizwa kwa panya lilikuwa karibu zaidi na la mgonjwa: uvimbe ulitoka kwa binadamu, na ulikuwa umekwisha kukua kabla ya dawa kuanza. Hata hivyo ilichukua miaka 17 zaidi. Mwezi Februari 2013 Marekani iliidhinisha trastuzumabu emtansini, inayobeba wastani wa molekuli 3 hadi 4 za DM1 kwa kila kingamwili, kwa ajili ya kansa ya matiti iliyosambaa na yenye alama ya HER2. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2012, nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 30.9, ilhali kwa waliopewa matibabu ya kawaida muda huo ulikuwa miezi 25.1.

Msomaji atazame tarakimu hizo kwa makini. Ni miezi sita hivi. Kwa mama mwenye watoto, miezi sita si kitu kidogo. Lakini si uponyaji, wala haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna alama hiyo, nao ndio wengi. Madhara kwa ini na kupungua kwa chembe za kugandisha damu bado vipo. Kutoka 1972 hadi 2013 ni miaka 41.

Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi yule. Mama yake hapewi msombo uliotajwa gazetini kwa sababu bado haijajulikana kama utamsaidia au utamdhuru, na njia ya kujua ni ndefu. Jibu hilo si la kumkatisha tamaa. Kansa nyingi, zikigunduliwa mapema, hutibika kwa njia zilizokwisha kuthibitishwa, na wakati unaopotea katika kutafuta mzizi wa gazetini ni wakati anaopewa uvimbe.

Habari ya namna hii ikisomwa darasani, mwalimu na awafundishe wanafunzi wake kuuliza maswali matano. Je, aliyetibiwa ni nani: seli katika chupa, panya, au binadamu? Je, palikuwa na kundi la kulinganishia? Je, kipimo kilichosaidia kiko mbali kiasi gani na kipimo kilichodhuru? Je, uvimbe ulitibiwa kabla au baada ya kukua? Na je, faida ilipimwa kwa nini: kwa ukubwa wa uvimbe, au kwa maisha ya mwenye uvimbe?

Maswali ya mazoezi

1. Katika mfano wa sehemu ya 3, eleza kwa nini mtafiti angepotoka kama angejaribu kipimo kikubwa peke yake.

2. Maitansini ina uzito wa molekuli 692. Lita moja ya mmumunyo wa nguvu ya 6 × 10⁻⁸ molari ina mikrogramu ngapi?

3. Kama mti mkavu wa Shimba Hills una miligramu 1.5 kwa kilo, tani ngapi zingehitajika ili kupata nusu kilo ya maitansini? Jadili maana ya jibu lako kwa msitu.

4. Panya mwenye uzito wa gramu 20 alivumilia mikrogramu 2 za msombo fulani. Tafuta kipimo chake kwa kilo, kisha ukadirie kipimo kinacholingana nacho kwa mtu mwenye kilo 60. Kwa nini madaktari huanza na kipimo kidogo zaidi ya hicho?